Kasisi David Sheppard na Mechi Alizozikataa

Kila mara mchungaji kijana wa hapa Dodoma anapovaa jezi na kuingia uwanjani pamoja na vijana wa parishi yake, hupatikana wazee wa kanisa wanaoona kwamba jambo hilo halimpasi, na hupatikana vijana wanaowajibu kwamba kanisa linalowazuia kucheza ndilo linalowafukuza. Nimeyasikiliza mabishano hayo kwa muda mrefu nikiwa muumini wa kawaida wa Dayosisi ya Central Tanganyika, na nimefikia kuamini kwamba pande zote mbili huliacha swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: mtumishi wa Mungu anayecheza, anacheza na nani, na kwa masharti ya nani? Aliyenifundisha kuuliza hivyo ni kasisi wa Kiingereza aliyeitwa David Sheppard. Aliichezea nchi yake kriketi kwa vipindi vifupi vya kukatikakatika, akaiacha akiwa bado na nguvu, na kwa maoni yangu mechi alizozikataa zina uzito kuliko zote alizozicheza.

Sheppard alizaliwa tarehe 6 Machi 1929 huko Reigate, kusini mwa London. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki David akiwa bado mtoto, na mama yake akamlea huko Sussex, jimbo ambalo baadaye alilichezea na kuliongoza. Alisoma katika shule ya bweni ya Sherborne, akatumikia jeshi kama walivyolazimika vijana wa wakati wake, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko, mwaka 1949, alihudhuria mikutano ya injili iliyoongozwa na mhubiri kutoka Marekani, Donald Barnhouse, na katika mikutano hiyo akaamua kumfuata Kristo. Msomaji wa huku kwetu ataielewa habari hiyo haraka, kwa kuwa Ukristo wa Dodoma umekuzwa na mikutano ya namna hiyo pamoja na uamsho wa Afrika Mashariki, ambamo muumini huutaja mwaka aliookoka kama anavyoutaja mwaka aliozaliwa.

Kwa kuwa kriketi haichezwi sana katika mikoa yetu ya kati, yafaa nieleze kidogo. Timu huwa na watu kumi na mmoja. Mrushaji wa upande mmoja hurusha mpira mgumu uliofunikwa kwa ngozi kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa chini, na mpigaji wa upande wa pili husimama mbele ya vijiti hivyo akiwa na kibao cha mti, akivilinda na wakati huohuo akijaribu kuupiga mpira mbali ili yeye na mwenzake wapate nafasi ya kukimbia na kubadilishana pande. Kila wanapobadilishana huhesabiwa mkimbio mmoja, na mpigaji anayefikisha mikimbio mia moja kabla hajatolewa, kwa mfano kwa vijiti vyake kuangushwa na mpira au kwa mpira alioupiga kudakwa hewani, amefanya jambo kubwa ambalo huandikwa na kukumbukwa. Mechi kubwa za mataifa, zinazoitwa mechi za Test, kwa kawaida zilichukua siku tano, na katika zama za Sheppard Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko. Yeye alikuwa mmoja wa wale wawili wanaotangulia kuingia kupiga. Kazi hiyo hutaka uvumilivu kuliko nguvu, kwa sababu hao wa kwanza huukabili mpira ungali mpya na wa kasi, na warushaji wakiwa hawajachoka.

Alianza kuichezea Sussex mwaka 1947, na Agosti 1950, akiwa na umri wa miaka 21, akaitwa kuichezea Uingereza dhidi ya West Indies, timu ya visiwa vya Karibi. Mwaka 1952 ndio uliomtambulisha kwa nchi nzima: aliongoza wapigaji wote wa Uingereza kwa wastani wa mikimbio, na katika mechi dhidi ya India akapata 119, ambayo ilibaki kuwa idadi yake kubwa kuliko zote katika mechi za Test. Mwaka uliofuata alikuwa nahodha wa Sussex, na timu ikamaliza nafasi ya pili katika ligi ya majimbo.

Kisha ukaja mwaka 1954, akiwa tayari mwanafunzi wa teolojia katika chuo cha Ridley Hall, Cambridge. Nahodha wa Uingereza, Len Hutton, hakuweza kucheza, na Sheppard akaombwa aiongoze timu ya taifa katika mechi mbili dhidi ya Pakistan. Aliziongoza vizuri, timu ikashinda moja na kutoka sare nyingine, na papo hapo wakajitokeza watu wenye sauti waliotaka apewe unahodha wa safari ya Australia mwishoni mwa mwaka huo. Alikuwa radhi kuyasimamisha masomo kama angeitwa, lakini waliochagua wakamrudisha Hutton. Mimi huona kwamba huo ulikuwa wema wa Mungu kwake. Nahodha aliyeongoza safari ya Australia angebanwa na cheo hicho kwa miaka mingi, na sijui kama kanisa lingalimpata tena akiwa bado kijana.

Alitawazwa mwaka 1955 na kupelekwa kuwa kasisi msaidizi huko Islington, kaskazini mwa London. Mwaka huohuo dayosisi yetu ilipata kwa mara ya kwanza askofu msaidizi Mwafrika, Yohana Omari, ambaye pia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Anglikana katika Tanganyika. Nautaja mwaka huo kwa makusudi, kwa sababu suala la kanisa kuongozwa na wenyeji wa mahali lilikuja kuwa kiini cha kazi ya Sheppard katika mitaa ya wafanyakazi wa London, ingawa mazingira yake yalikuwa mbali sana na yetu.

Mwaka 1956, akiwa amecheza mechi chache tu kwa sababu ya kazi za parishi, aliitwa tena kuikabili Australia katika uwanja wa Old Trafford, Manchester, akapata mikimbio 113. Ndivyo alivyokuwa kasisi wa kwanza kuichezea Uingereza mechi ya Test baada ya kuwekewa mikono. Hata hivyo mechi hiyo hukumbukwa kwa jina la mtu mwingine, Jim Laker, ambaye katika zamu mbili za Australia, kila moja ikiwa na wapigaji kumi wa kutolewa, aliwatoa 19 kati ya hao 20, jambo ambalo mpaka leo halijafikiwa na mrushaji yeyote. Kwa mchezaji wa kawaida, kufunikwa namna hiyo kungeuma. Sheppard alirudi Islington akaendelea na ubatizo, ndoa na mazishi.

Mwaka 1957 alimwoa Grace Isaac, na mwaka huohuo wakahamia Canning Town, mashariki mwa London, kuongoza kituo kilichoitwa Mayflower. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu miaka kumi na miwili aliyokaa hapo ndiyo iliyomfanya awe mtu tunayemzungumzia. Canning Town ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa bandari. Mabomu ya vita yalikuwa yameubomoa vibaya, na riziki ya wengi ilitegemea kibarua cha siku: mtu aliamka alfajiri akaenda kusimama langoni pamoja na wenzake, akichaguliwa akala, asipochaguliwa akarudi nyumbani mikono mitupu. Watu hao waliliona kanisa kuwa mali ya wenye nafasi. Lilikuja kwao na misaada na mawaidha, na viongozi wake walitoka mahali pengine, wakakaa kwa muda, kisha wakaondoka. Mayflower ilikuwa na kanisa, shule ya watoto wadogo na klabu za vijana mahali pamoja, na kijana aliyefika kucheza hakulazimishwa kwanza kuimba. Sheppard aliamini kwamba kama injili ni ya kweli, basi ni lazima watu wa Canning Town wenyewe waiongoze ibada na kulibeba kanisa lao, na kwamba kazi yake ni kukaa muda mrefu wa kutosha ili hilo liwezekane. Kwa mtu aliyekulia shule za bweni na viwanja vya kifahari, kujifunza kunyamaza na kuwasikiliza wachukuzi wa bandarini ilikuwa elimu ngumu kuliko teolojia ya Cambridge.

Elimu hiyo ndiyo iliyomwandaa kwa suala la Afrika Kusini. Katika miaka hiyo timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilichaguliwa kutoka kwa Wazungu peke yao, na ilicheza mechi za Test dhidi ya Uingereza, Australia na New Zealand tu. India, Pakistan na West Indies haikucheza nazo kabisa. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi waandamanaji huko Sharpeville wakaua watu 69. Majira ya kiangazi ya mwaka huo timu ya Afrika Kusini ilikuja kucheza Uingereza kama kwamba hakuna kilichotokea, na Sheppard akatangaza hadharani kwamba hatacheza dhidi yake. Leo jambo hilo laonekana jepesi. Mwaka 1960 lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu wakubwa wa kriketi walishikilia kwamba michezo na siasa havichanganyiki, na waliolisema hilo walikuwa marafiki zake, watu aliokula nao na kusafiri nao. Yeye alishikilia kwamba siasa ilikwisha kuingia mchezoni siku mchezaji wa kwanza alipozuiwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na kwamba anayeingia uwanjani kana kwamba haoni amekwisha kuchagua upande.

Hakuichukia kriketi. Mwaka 1962 alipata likizo kutoka Mayflower, akarudi uwanjani, akapata mikimbio 112 katika uwanja wa Lord's na kuchaguliwa kwenda Australia chini ya unahodha wa Ted Dexter. Katika mechi ya pili ya Test huko Melbourne alitolewa bila mkimbio hata mmoja katika zamu ya kwanza, na katika zamu ya pili akapata 113 zilizoipa Uingereza ushindi. Katika safari hiyo alikosa pia kuidaka mipira ambayo mchezaji wa kiwango chake angetarajiwa kuidaka, na magazeti hayakumhurumia. Jumapili alihubiri katika makanisa yaliyojaa watu, wengi wao wakiwa wamekuja kumwona mchezaji wakaondoka wamemsikia mhubiri. Wapo watakaouliza kama ilifaa kasisi wa mtaa maskini kuwaacha watu wake kwa miezi kadhaa, na swali hilo ni halali. Kwa upande wangu naona kwamba safari hiyo ilimpa kitu ambacho alikihitaji baadaye: aliposimama miaka sita baadaye kuwakosoa wakubwa wa kriketi, hakuna aliyeweza kusema kwamba huyu ni mtu wa kanisa asiyeujua mchezo. Baada ya mechi za New Zealand mapema mwaka 1963 hakuichezea tena timu ya taifa. Alikuwa amecheza mechi 22 za Test na kupata mikimbio 1,172, na mara tatu alivuka mia moja.

Jambo la mwaka 1968 lahitaji kuelezwa polepole. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931, mtu wa familia iliyohesabiwa na sheria za nchi yake kuwa ya machotara, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kuichezea Afrika Kusini hata kama angekuwa bora kuliko wote. Alihamia Uingereza mwaka 1960, akapanda ngazi taratibu, na mwaka 1966 akaanza kuichezea Uingereza. Agosti 1968 alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia, na siku chache baadaye, timu ya kwenda Afrika Kusini ilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Watu wengi waliamini kwamba ameachwa ili serikali ya Pretoria isiudhike. Mchezaji mwingine alipojitoa kwa sababu ya majeraha, D'Oliveira akaingizwa mahali pake, na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akatangaza kwamba hawataipokea timu hiyo. Safari ikafutwa.

Wakati huo safari za timu ya Uingereza zilisimamiwa na klabu ya Marylebone yenye makao yake Lord's, na Sheppard alikuwa mwanachama wake. Akiungana na wanachama wengine, miongoni mwao kijana Mike Brearley ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha wa Uingereza, alidai uitishwe mkutano maalumu. Mkutano ulifanyika London Desemba 1968, na Sheppard akaiwasilisha hoja ya kulaumu jinsi uongozi ulivyolishughulikia suala hilo na kutaka kusiwe na safari nyingine za kriketi kati ya nchi hizo mbili mpaka Afrika Kusini ionyeshe inaelekea kwenye kriketi isiyobagua. Kura za wengi zilimpinga. Alipoteza pia urafiki wa baadhi ya watu aliocheza nao ujanani, na nadhani hasara hiyo ilimuumiza kuliko kura. Hata hivyo hakunyamaza. Timu ya Afrika Kusini ilipopangwa kuja Uingereza mwaka 1970, vijana wakiongozwa na Peter Hain waliandaa maandamano makubwa ya kuizuia, na Sheppard, ambaye tangu 1969 alikuwa askofu wa Woolwich, aliongoza kampeni ya watu waliotaka safari hiyo isitishwe kwa njia za hoja na ushawishi. Mei 1970 safari ilifutwa. Afrika Kusini haikucheza tena mechi ya Test mpaka mwaka 1992.

Sisi wa mkoa wa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kuyajali haya. Kongwa, unakofika kwa kuiacha barabara ya Morogoro pale Mbande, ilikuwa kuanzia mwaka 1964 na kambi za wapigania uhuru: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Vijana waliokimbia nchi iliyowapiga risasi watu wa Sharpeville waliishi na kufanya mazoezi katika vumbi la Kongwa, karibu na mashamba ambako miaka michache kabla yake Waingereza walikuwa wamejaribu na kushindwa kulima karanga. Wengine walizikwa hukohuko. Wazee wa Kongwa waliwajua watu hao kwa sura, wakawauzia mahindi na kuku. Naandika kwa sababu nataka vijana wa Kongwa wajue kwamba wakati baba zao na babu zao wanawapokea wageni hao, alikuwapo London mchezaji mashuhuri wa Kizungu aliyekataa heshima ya kucheza na wale waliowafukuza.

Na hakuwa kasisi pekee wa Kiingereza katika jambo hilo. Trevor Huddleston, aliyeishi Sophiatown, mtaa wa Waafrika huko Johannesburg, na kuupinga ubaguzi hadi akaitwa arudi Uingereza, alikuwa askofu wa Masasi hapa nchini kuanzia 1960 hadi 1968, kisha akawa askofu wa Stepney, mashariki mwa London, wakati Sheppard yuko Woolwich ng'ambo ya mto Thames. Kanisa letu humkumbuka Huddleston, na ni haki yake. Sheppard hatajwi, na sababu naidhani kuwa ni kriketi yenyewe, mchezo ambao wengi wetu huuona kuwa wa wakoloni na wa watu wa mjini.

Lakini gharama ya kukataa kucheza Watanzania tunaijua vizuri. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand, na dunia nzima ikasubiri wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kuuawa Soweto, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizokataa kushiriki Olimpiki kwa kuwa New Zealand haikuondolewa. Walker alishinda dhahabu. Bayi alikuwa katika ubora wake, na nafasi kama ile haikurudi, ingawa mwaka 1980 huko Moscow alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi. Kuna tofauti kati ya mtu anayekataa kwa uamuzi wake na mwanariadha ambaye nchi yake imeamua kwa niaba yake, na tofauti hiyo yanifanya nimheshimu Bayi zaidi, kwa kuwa alilipa deni ambalo hakuulizwa kama atalikopa.

Sehemu ya mwisho ya maisha ya Sheppard inajulikana zaidi huko kwao, nami nitaipita kwa ufupi. Kuanzia 1975 hadi 1997 alikuwa askofu wa Liverpool, mji wa bandari uliokuwa ukipoteza ajira kwa maelfu. Alishirikiana kwa karibu na askofu mkuu Mkatoliki Derek Worlock katika mji uliokuwa na historia ndefu ya uhasama wa Waprotestanti na Wakatoliki, kiasi kwamba wawili hao walionekana pamoja karibu kila mahali penye msiba au mgogoro. Alikuwa makamu mwenyekiti wa tume ya kanisa iliyotoa ripoti ya mwaka 1985 juu ya umaskini wa mijini, ripoti iliyoiudhi serikali ya wakati huo. Walimwambia tena kwamba anachanganya mambo, safari hii dini na siasa, naye alikuwa amekwisha kuizoea lawama hiyo tangu enzi za kriketi.

Alifariki tarehe 5 Machi 2005, siku moja kabla ya kutimiza miaka 76. Wiki chache kabla yake, Januari 2005, Uingereza ilikuwa imemaliza mfululizo wa mechi za Test huko Afrika Kusini, wa kwanza kuchezwa kwa ajili ya kombe lililopewa jina la Basil D'Oliveira, na miongoni mwa warushaji wa Afrika Kusini alikuwamo Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea nchi hiyo mechi ya Test.